Tembo Jepesi la Majoreni

Watu wa Kinondo walikuwa na mchezo wao na Mwero. Wakimkuta mangweni kwa Thoya, pale penye magogo ya kukalia na mitungi ya tembo, walimfunga macho kwa leso, wakampa kata moja, kisha wakamwuliza mnazi. Wagema walikuwa watatu na minazi haihesabiki, lakini Mwero alionja, akalizungusha kinywani, akameza, akasema: huu ni ule wa karibu na zizi la Kavumbi, na aliyeugema leo alichelewa kupanda. Leso ikafunguliwa, Kavumbi akaulizwa, ikawa ndivyo. Watu wakampigia makofi, naye akainamisha kichwa kwa unyenyekevu ambao haukuwa unyenyekevu hata kidogo.

Sikatai, alijua. Asiyejua akijivuna watu humcheka yakaisha, lakini anayejua akijivuna watu humwamini, na hapo ndipo balaa hupata pa kukaa.

Mwero alikuwa Mduruma wa bara, upande wa Kinango, ambako mtu huhesabu ng'ombe kabla ya kuhesabu watoto. Aliteremka pwani kijana, akakodi minazi ya Bi Mwanasha, mama wa Kidigo aliyeswali swala zote tano na kufunga hata siku za sunna. Bi Mwanasha alimwekea sharti moja tu. "Mimi nakukodisha mti, Mwero," alimwambia. "Kinachoshuka kutoka juu sikijui, wala usinijuze."

Basi akapanda, na miaka ikamfundisha. Alijua kwamba mnazi wa mchangani, unaopigwa na upepo wa bahari, hutoa tembo lenye ukali wa haraka na chumvi kwa mbali sana. Wa udongo mwekundu hutoa zito. Wa karibu na zizi hutoa tamu kupita yote, ijapokuwa si kila mtu hupenda kuambiwa sababu. Mnazi mchanga hutoa tembo jingi lisilo na la kusema, na mnazi mzee hutoa kidogo lenye maneno mengi. Halafu kuna mkono wa mgema. Kotama, kile kisu cha mgema, isiponolewa ikakata vizuri, karara, lile ua la mnazi ambalo halijafunguka, huchoka kabla ya wakati wake na kukauka. Kibuyu kikibakishwa mashapo ya jana, tembo huwa kali kabla ya saa nne. Kikioshwa kwa maji ya moto, hukaa tamu hadi adhuhuri. Hayo yote Mwero aliyafanya kwa kupima, na kwa hayo alistahili sifa.

Nyumbani alibaki na binti yake mmoja, Kadzo. Mama yake Kadzo alikuwa amefariki miaka sita nyuma, na Thoya mwenye mangwe ndiye aliyekuwa mjomba wa mtoto. Mwaka ule wa sitini na tatu, kwenye matanga ya shangazi yake huko Msambweni, Kadzo alijuana na kijana mmoja mpole aitwaye Menza, mtoto wa Mzee Chome wa Majoreni. Wakapendana. Kadzo hakuficha, na Mwero hakupinga, kwani hata huko Majoreni walikuwa Waduruma wenzake na tena wagema.

Sasa, kwa watu wale posa haikwenda kwa maneno matupu. Ilikwenda na kadzama, kibuyu cha tembo ambacho baba wa kijana hukibeba yeye mwenyewe. Na tembo hilo halinunuliwi. Sharti ligemwe na mkono wa nyumba ile, katika minazi ya nyumba ile, kwa sababu wazee walisema huonja nyumba kwanza kabla ya kutoa mtoto. Mletaji hunywa funda la kwanza, kisha baba wa binti hunywa la pili, na akishanywa akakipitisha kibuyu kwa wazee, mambo yameshakwisha. Lakini kibuyu kikizibwa kikarudi kilikotoka, posa imekufa, na kibuyu hicho hakiji tena kwa njia ile.

Chome alituma neno kwa mchuuzi wa papa. Aliomba wasubiri hadi kaskazi ikaze, miezi miwili hivi. "Asema tembo lao la vuli halina uso wa kupelekwa ugenini," mchuuzi akaeleza.

Mwero akacheka. Mwaka ule kila mtu alitaka jambo lake liangukie kwenye Uhuru: wenye watoto wachanga, wenye kuezeka nyumba, hata wenye kesi. Yeye alitaka harusi ya binti yake mwezi wa Desemba, ngoma ya bendera na ngoma ya Kadzo ziwe kitu kimoja. "Mwambie tembo ni tembo," akasema. "Waje."

Wakaja siku moja ya Novemba, mvua ikiwa imepumzika kidogo: Chome, ndugu yake, na Menza nyuma yao. Chome alikuwa mtu mwembamba, mchache wa maneno, na kibuyu chake alikuwa amekizungushia majani ya mgomba yaliyolowa, akakibeba kwa mikono miwili. Barazani kwa Mwero walikaa wazee saba, Thoya akiwa katikati. Salamu zikaenda, zikarudi. Jikoni Kadzo alikuwa na sinia la wali wa nazi lililofunikwa kawa, na moyo wake, nadhani, ulikuwa umefunikwa pamoja nalo.

Chome akafungua, akanywa funda lake, akampa Mwero kata.

Thoya hakuweza kujizuia. "Shemeji," akasema, "tuambie mnazi."

Mtu mwenye adabu angekunywa akashukuru. Mwero naye alikuwa na adabu, siku nyingine. Lakini aliziona zile nyuso saba zikimngoja, na alijisikia mwili wote ukimtekenya kwa raha. Akaonja. Tembo lilikuwa jepesi. Halikuwa na povu la kutosha, utamu wake ulipita bila kugonga hodi, likaisha kinywani kabla hajalimeza. Aliijua ladha ile. Ndiyo ladha ya tembo la wachuuzi wa Ukunda, wanaolijaza kwenye debe na kuliongeza maji ya bomba.

Akainua uso. "Mnazi huu," akasema polepole, "umesimama kisimani."

Baraza likaangua kicheko. Thoya alijipiga paja, mzee mmoja akakohoa hadi akapigwa mgongoni. Chome peke yake hakucheka.

"Bwana Mwero, sijatia maji," akasema.

"Nani kasema umetia? Nimesema mnazi umesimama kisimani."

Wakacheka tena, na safari hii hata waliokuwa wamejizuia walicheka. Chome akachukua kizibo, akakipachika kwenye kibuyu, akakikandamiza kwa kiganja. Kisha akawapa mkono wa kwaheri wote saba, mmoja baada ya mwingine, hata yule ambaye alikuwa bado anajifuta machozi ya kicheko. "Tumekusikia," akamwambia Mwero. Menza aligeuza uso akatazama mlango wa jikoni, na Kadzo alikuwa amesimama pale na sinia lake. Wageni wakaondoka bila kula. Wali ukaliwa na waliocheka.

Kwa siku kadhaa watu walimsifu Mwero kwamba amemwokoa mtoto na nyumba ya walaghai. Walimvisha kilemba cha ukoka naye akakivaa, kikamkaa vizuri. Kadzo hakulia mbele yake wala hakumjibu vibaya. Alimwekea chakula, akamwambia, "Baba, karibu chakula," na baada ya hapo hakuna neno. Mwero akasema moyoni: msichana, atasahau.

Mwishoni mwa mwezi kamati ya sherehe za Uhuru ikamwagiza Mwero tembo la siku ile, jingi kuliko alilopata kuligema maishani. Minazi ya Kinondo isingetosha. Bi Mwanasha, ambaye hakujua chochote kuhusu kinachoshuka kutoka juu, alikumbuka kwa bahati kwamba ana minazi sita ya urithi wa upande wa mama yake huko Majoreni, na kwamba mtu aitwaye Kitsao anaitunza na kuigema. "Nenda kaitazame miti yangu," akamwambia. "Miti tu."

Mwero hakupenda kwenda Majoreni, lakini tembo la Uhuru lipungue hakupenda zaidi. Akaenda na kotama yake na vibuyu vyake. Kitsao alikuwa mtu mchangamfu, asiyemjua, akampokea vizuri, akamwonyesha minazi na kumwachia siku tatu.

Jioni ya kwanza Mwero aliosha kibuyu kwa maji ya moto, akakikausha juu ya moto mdogo, akapanda, akakata karara kwa mkono wake, akakifunga kibuyu na kukifunika kwa majani ili tone la mvua lisiingie. Asubuhi akapanda tena. Alikaa huko juu, miguu imebana shina, akafunua, akaonja.

Alikuwa anaijua ladha ile. Nyepesi, bila povu la kutosha, inaisha kabla ya kumezwa.

Kwanza akaisingizia mvua. Akayakagua majani ya kifuniko, upande wa ndani yalikuwa makavu. Akakisingizia kibuyu, na kibuyu kilikuwa chake, cha Kinondo. Jioni akaonja mnazi wa pili, na kesho yake wa tatu, na tembo likamwambia neno lile lile. Hapo ndipo alipotazama chini. Minazi ile ilikuwa bondeni, kando ya majaruba ya mpunga, na chemchemi ilikuwa imefurika kwa vuli. Maji yalikuwa yamesimama yakizunguka mashina, vyura wakiogelea kwenye mizizi. Alisema mnazi umesimama kisimani, na kweli ulikuwa kisimani. Ulimi wake haukukosea. Alikosea yeye, aliyeupeleka ulimi ukamtukane mtu.

Huko juu hakukuwa na wa kumwona, ila uso ulimwaka moto, akaona haya hata mbele ya makuti.

Aliposhuka, Kitsao alikuwa akimngoja chini, maji yakimfika vifundoni. "Tembo la vuli ndivyo lilivyo, bwana," akasema. "Mti unakunywa kuliko unavyopika. Njoo kaskazi, bonde likauke, utajilamba vidole." Akaelekeza kidole kwenye minazi ya jirani, mita chache tu kutoka pale. "Ile ya Mzee Chome nayo vile vile. Juzi juzi alikuwa na posa ya mwanawe. Maskini, siku nne alikuwa akipanda mara tano kwa siku, miaka yake ile. Anaonja kila mti, anachagua. Akalichagua la ule mmoja, ndio bora hapa kwetu. Nasikia huko alikokwenda wakamwita tapeli."

Mwero akawa anafuta kotama yake, ambayo ilikuwa safi.

"Ni mgema gani huyo asiyejua mnazi wa bondeni?" Kitsao akauliza. "Wamjua?"

"Simjui," Mwero akasema.

Nimelisimulia neno hili mara nyingi, na kila nikifika hapa humkasirikia kuliko nilivyomkasirikia barazani. Barazani alikosea kwa kutojua. Hapa alijua. Nyumba ya Chome ilikuwa inaonekana pale pale, moshi ukitoka jikoni, hatua mia mbili kwa njia ya mkato. Mwero alizunguka majaruba yote, akatopea matopeni hadi magotini, ili asipite mbele ya mlango ule.

Akarudi Kinondo na kibuyu kimoja cha tembo la bondeni, hajui kwa nini amelibeba. Usiku hakupata usingizi, na asubuhi akaenda kwa Bi Mwanasha, akakaa kwenye kizingiti, akamweleza yote, hata lile la "simjui." Akamwomba, kwa kuwa ana jamaa Majoreni, ampelekee Chome salamu za radhi, kimya kimya, watu wasijue.

Bi Mwanasha alimwacha amalize. "Ulimtukana barazani," akasema, "radhi unataka kumwomba uchochoroni. Huko kwenu hilo huitwaje?"

"Naona haya, bibi."

"Ndiyo. Haya ni yako. Usimpe mtu mwingine akubebee."

Basi Mwero akakichukua kile kibuyu hadi mangweni. Wazee wale saba walikuwapo wote, na wengine zaidi, kwa sababu siku za Uhuru zilikuwa zimekaribia na kila mtu alitaka kujua tembo la sherehe limefikia wapi. Akamimina, akawapa wanywe; lilikuwa limeingia ukali kwa kulala, lakini wepesi wake ulikuwa pale pale. Thoya alikunywa, akakunja uso, akaitazama kata, akamtazama shemeji yake, na tabasamu likaanza kumwenea.

"Jamani," akasema, "mgema akisifiwa..."

"Tembo hulitia maji," mangwe nzima ikamalizia.

Mwero akangoja wamalize kucheka. Kisha akawaambia kwamba hakutia hata tone, kwamba amepanda na kuligema kwa mkono wake bondeni Majoreni, jirani na minazi ya Chome, na kwamba tembo la Chome lilikuwa hili hili, halali tupu, na yeye alimtukana mtu asiye na kosa. Alipomaliza, alidhani kwamba wameelewa.

Thoya akamshika bega. "Shemeji, tunajua unamwonea huruma mtoto," akasema kwa upole. "Hata mimi namwonea. Lakini usijichafue kwa ajili ya kumsafisha tapeli."

"Naapa, Thoya."

"Sawa. Sawa, shemeji."

Hawakumwamini. Aliapa tena, akaeleza habari za chemchemi, za mizizi, za vyura, na kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kutazama chini kama watu wanaomsikiliza mlevi. Chome alisema mara moja tu, sijatia maji, akanyanyuka. Mwero alisema mara kumi. Kesho yake kamati ikampa mgema mwingine kazi ya tembo la Uhuru, wakimwambia apumzike kidogo, amechoka.

Siku ya bendera Kinondo yote ilikuwa ngomani. Mwero alibaki nyumbani, na Kadzo akabaki. Baba kumwomba mtoto radhi si jambo lililozoeleka kwetu, na Mwero hakujua hata aanze na neno gani. Akaketi mlangoni mwa jiko, akitazama majivu, akamwambia: vile walivyoomba kusubiri naye akakataa, vile alivyoonja, vile alivyojikana mbele ya Kitsao, vile alivyosema mangweni na hawakumsadiki.

"Nimekukosea, mwanangu," akasema.

Kadzo alikuwa anachagua mchele. Hakuacha. "Wa kwanza kukosewa si mimi, baba," akasema. "Na kibuyu chao hakiwezi kurudi."

"Najua. Ndiyo maana kitatoka hapa."

Mikono ya Kadzo ikasimama juu ya ungo. Baba wa binti kubeba kadzama kwenda kwa mvulana ni kitu ambacho watu wale walikisimulia kama kichekesho, habari ya mtu mwenye binti aliyekosa mchumba, anamtembeza nyumba kwa nyumba kama mwenye kuku wa kuuza. Hakuna aliyewahi kukiona kikitendeka.

"Watasema unanitembeza."

"Watasema. Ukikataa siendi."

Kadzo akaweka ungo chini, akatoka nyuma ya nyumba, akarudi na majani ya mgomba.

Mwero akaondoka baada ya wiki mbili na tembo la mnazi wa zizini, bora kuliko yote aliyokuwa nayo, kibuyu kimeoshwa kwa maji ya moto, majani yamelowa. Basi la Lunga Lunga lilichelewa saa tatu, na jua la kaskazi lilikuwa limeshaanza kuchoma. Ndani ya basi mwanamke mmoja aliyekitambua kibuyu kwa majani yake akampongeza. "Mwanao anaoa nyumba gani?" akauliza. Mwero angeweza kusema uongo, na hakuna mtu angedhurika. Akasema, "Ni binti yangu. Nampelekea baba wa kijana." Mwanamke akafunga mdomo, lakini waliokaa nyuma hawakuufunga, na kicheko kikamsindikiza hadi aliposhuka.

Kutoka barabarani ni kwa miguu. Kibuyu kilichukua joto, kikachukua kutikiswa, na katikati ya njia kizibo kiliruka chenyewe na povu likamtiririka kifuani. Akaketi chini ya kivuli cha mkorosho, akaonja. Lilikuwa siki. Tembo la Mwero wa Kinondo, lililofanyiwa kila linalotakiwa, lilikuwa siki ya kutilia kachumbari. Hapo ndipo alipoanza kukisia ni kazi gani aliyoifanya Chome hadi akafika kwake na tembo ambalo bado ni tamu: ameondoka saa ngapi, amelowesha majani mara ngapi, amekitembeza vipi kibuyu kwa mikono miwili njia nzima.

Mbele yake kulikuwa na bonde, nalo limekauka sasa. Kwa Kitsao angepata tembo la kaskazi, asali tupu, akajaza kibuyu na hakuna mtu ambaye angejua. Aliliwaza hilo kwa makini kabisa. Kisha akapachika kizibo, akanyanyuka.

Alimkuta Chome uani pamoja na ndugu yake na majirani wanne, wakifua nazi. Mmoja wao alikuwa Kitsao. Kitsao alifurahi kumwona, akanyanyua mkono amsalimie, kisha akakiona kibuyu na majani, akakumbuka posa na kukumbuka swali lake, na mkono ukashuka taratibu. Mwero alitamani ardhi imfungukie.

Hakukaa alipokaribishwa. Alisema akiwa amesimama, kibuyu mikononi. "Mzee Chome, mimi ndiye niliyesema mnazi wako umesimama kisimani. Nimepanda wa jirani yake. Hukutia hata tone. Uliniomba tusubiri nikakataa, ukaja nikakutukana mbele za watu, na hapa kwenu nilipoulizwa nikajikana. Nimewaambia wa kwetu, hawaniamini." Akakiinua kibuyu. "Hili ni tembo la nyumba yangu. Limechacha njiani. Sina jingine."

Akanywa funda lake la kwanza kama desturi, na uso wake haukuweza kuficha ukali wake. Akampa Chome kata.

Wote walikuwa wanamtazama Chome sasa. Alikuwa na haki ya kusema lolote, na la kusema lilikuwa kwenye kata yenyewe, lanukia ua mzima. Mwero alikuwa amejitayarisha. Njia nzima alikuwa amejizoeza namna ya kusimama wakati watu wanacheka.

Chome hakuchukua funda. Alijaza kata hadi ukingoni, akainywa yote, pole pole, bila kupumzika. Macho yalimtoka machozi. Akajifuta mdomo.

"Njia ya Kinondo ni ndefu," akasema. "Na jua la leo si la mchezo."

Akampitishia ndugu yake, na ndugu yake, baada ya kumtazama usoni, akanywa. Wakanywa majirani. Akanywa Kitsao, mishipa ya shingo ikamsimama, na hakuna hata mmoja aliyesema neno.

Mwero alichuchumaa pale pale alipokuwa amesimama, akavuta ncha ya shuka lake akajifunika uso, na mabega yake yakaanza kutikisika mbele ya watu sita wasiomhusu. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

"Menza," Chome akaita kuelekea nyumbani, "mletee mkweo maji ya kunawa, tule."

Kijana akatoka na birika na beseni, akapiga goti. Mwero akanyoosha mikono, akanawa.